Kufufua Land Rover 109 iliyolala kwa miaka mingi

Land Rover 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) za Series III, yaani toleo la tatu, zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na nyingi bado zimeegeshwa nyuma ya nyumba, matairi yakiwa yameisha upepo. Mwenye gari akiamua kulifufua, kitu cha kwanza anachotamani ni kuisikia injini ikiunguruma. Nashauri injini isubiri, kwa kuwa gharama ya kazi nzima huamuliwa na chasisi.

Hatua ya 1: Chasisi

Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha ugonge chasisi yote kwa nyundo ndogo, ukikazia mwisho wa nyuma na pale springi zinaposhikiziwa, kwa sababu matope huingia ndani yake na kuila kutoka ndani huku rangi ya nje ikionekana haina tatizo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, na ukikisukuma kwa bisibisi, inazama. Sehemu hiyo ikatwe hadi ufike kwenye chuma kizima, ndipo kipande kipya kichomelewe. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu humfaa anayetaka kuuza tu. Kabla ya kuchomelea, toa betri na tangi la petroli, hata likiwa tupu, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Hatua ya 2: Injini

Usiguse stata kwanza. Fungua plagi zote 4, mimina katika kila silinda vijiko viwili vya oili iliyochanganywa na dizeli, uache siku mbili au tatu, kisha uweke gia huru na kuizungusha injini kwa hendeli ya mbele, taratibu, kwa maana ringi ya pistoni iliyoganda huvunjika ikilazimishwa. Ikishalegea, mwaga oili yote, kwa kuwa dizeli imechuruzikia humo, ubadilishe filta na uweke oili mpya.

Injini ikiwa baridi, rekebisha valvu kwa pengo la milimita 0.25, zote 8. Hesabu yake ni rahisi: namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha namba 1, namba 6 ikifunguka, rekebisha namba 3, jumla ni 9 kila mara. Pengo la pointi za distributa, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi zitoe cheche, liwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, na nyaya za plagi zifuate mpangilio wa silinda wa 1-3-4-2. Petroli ya zamani hunuka kama vanishi na huziba kabureta, kwa hiyo mwaga yote, safisha tangi, na ubadilishe mipira ya mafuta. Zungusha injini kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izime, ndipo uzirudishe plagi na kuiwasha injini, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu.

Hatua ya 3: Breki na umeme

Gari lisisogee hata uani kabla ya breki kukamilika. Wili silinda, zile ndogo zinazosukuma breki kwenye magurudumu yote 4, huwa zimeganda. Badilisha mipira yake, pamoja na ile ya masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali), weka fluidi mpya, kisha utoe upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwenye umeme, kagua nyaya zilizotafunwa na panya, na kumbuka kuwa Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 huungwa upande chanya wa betri kwenye bodi.

Hatua ya 4: Bodi

Bodi ya aluminiamu haishiki kutu, lakini pale inapogusana na chuma huliwa na kuwa unga mweupe, hasa maji yakiingia. Safisha maungio hayo, paka rangi ya kuzuia kutu upande wa chuma, na utenganishe metali hizo mbili kwa mpira mwembamba kabla ya kufunga boliti. Rangi ya mwisho ipakwe juu ya praima maalumu ya aluminiamu, la sivyo itabanduka vipande vipande. Baada ya safari fupi ya kwanza, rudi chini ya gari na ukaze tena boliti za U za springi, kwa kuwa hulegea springi zinapokaa sawa.