Unakwenda Mbeya kwa pikipiki kiangazi hiki? Kagua haya kabla hujatoka Dar

Nyie mnaotaka kwenda nyumbani Mbeya na pikipiki mwezi wa saba huku mkipita mnatalii, someni hapa kwanza. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800, ukitaka kuzimaliza kwa siku moja hutatalii chochote, utaona migongo ya malori tu. Siku ya kwanza lala Iringa, na ukichelewa lala Mikumi mjini.

Leseni, bima na kadi ya pikipiki viwe mfukoni. Oili mwaga weka mpya. Tairi la nyuma kama limeisha badilisha hukuhuku Dar. Beba tyubu, plagi, waya wa klachi na spana zinazoingia kwenye nati zako. Helmeti ya abiria iwe ya maana. Na baridi msiidharau watu wa Dar, Mafinga na Makambako asubuhi vidole vinakufa ganzi mpaka klachi haishikiki, nunueni glavu nzito.

Sasa mzigo, hapa naomba mnisikilize vizuri. Jamaa yetu mmoja alifunga begi kwa ile mipira myeusi inayokatwa kwenye tyubu za magari, asubuhi Kimara ilikuwa imekaza kabisa hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Tumeshavuka Mikumi tumeingia bonde la mibuyu, jua linawaka, mpira ukaanza kulegea na ncha yake ikawa inaning'inia upande wa cheni. Mimi niko nyuma naona kitu cheusi kinapepea, napiga honi, yeye anadhani namsalimia akaninyooshea dole gumba. Mara ncha ikamezwa na sproketi, gurudumu la nyuma likagoma palepale, pikipiki ikaburuzika na kuacha mstari mweusi kwenye lami halafu ikalala ubavu na yeye chini yake. Nyuma kuna semi linakuja. Dereva alilikwepesha na kutupita, Mungu ambariki popote alipo. Jamaa alivunjika mfupa wa bega na safari yake ikaishia hapo, ule mpira tuliukata kwa kisu kipande kipande, ulikuwa umejizungusha umekaza kama waya.

Kwa hiyo mipira hiyo acheni. Tafuteni mikanda yenye bizimu za kukazia, ncha zote zichomekwe ndani na zifungwe tena, zisibaki zinaning'inia hata kidogo. Begi zito likae chini karibu na kiti, juu ya keria weka vyepesi. Kila mkisimama kunywa maji shika mzigo utikise. Na cheni mwambie fundi aipime abiria na mzigo vikiwa juu, maana pikipiki ikilemewa cheni inazidi kukaza.

Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50, tembo na twiga wanavuka watakavyo, pita mchana na usishuke kupiga picha, wewe huna kioo wala mlango. Mlima Kitonga usiyapite malori kwenye kona, na siku ya kurudi shuka na gia, ukiweka nyutro kubana mafuta breki zitachemka utazikosa.

Vya kuona Iringa ni vingi. Kabla hujaingia mjini kuna Lugalo, ambapo Wahehe waliwapiga Wajerumani wa kamanda Zelewski Agosti 1891. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954. Ukishatoka Iringa kuelekea Mbeya kuna Isimila, zile nguzo za udongo na zana za mawe za kale, ila mnashuka bondeni kwa miguu, mzigo mkabidhi mtu wa ofisini usiuache juu ya pikipiki.

Mengine mnayajua, ukisinzia kidogo tu simama, kunywa maji, usifukuzane na mabasi, usiku usitembee, simu iwe na chaji, na nyumbani wajue kila mnapolala.