Kabla hujawafunza watu wa wadi kuripoti vifo kwa polisi, panga haya kwanza

Hapa Kenya sheria ya kuunda huduma ya wachunguzi wa vifo ilipitishwa 2017, lakini miaka ikapita na kifo cha mashaka bado unakipeleka kwa polisi. Kwa hivyo kama unapanga mafunzo hospitalini kwako, anza na nani wa kuita. Usiite madaktari peke yao. Mgonjwa akifa saa tisa usiku anayefunga mwili ni nesi na anayeupokea ni mtu wa mochwari, na wao ndio wakiosha ushahidi hakuna wa kuurudisha.

Orodha ya vifo vya kuripoti waishike kwa kichwa: ajali, kuanguka, kuungua, sumu, kujiua, kipigo, aliyekuwa rumande au gerezani, aliyefia kwenye meza ya upasuaji, aliyeletwa ameshakufa, asiyejulikana. Vifo vya wajawazito na waliotoka kujifungua vina fomu na kamati yake, vifunze kando.

Sasa hapa ndipo ukae, hata ukitumia nusu ya siku: jeraha la zamani. Nimeshuhudia mzee aliyegongwa na bodaboda, paja likavunjika, akalazwa akiwa amenyooshwa mguu wiki kadhaa, kifua kikashika akafa. Daktari wa zamu alimkuta na nimonia akaandika nimonia, fomu D1, ile ya hospitali ya kutaarifu kifo, ikatoka, kibali cha kuzika kikatoka, mzee akazikwa bila upasuaji wa maiti na hakuna aliyepigia kituo cha polisi simu kwa sababu kila mtu wadini alijua huyu ni mgonjwa wa kifua. Kesi ilipofika kortini wakili wa yule wa boda akauliza swali moja tu, huyu mzee aliuawa na nini, na karatasi ya hospitali ikamjibu nimonia. Familia ikaambiwa waombe amri ya korti mwili ufukuliwe, mama akakataa kabisa mumewe asumbuliwe kaburini, na mashtaka ya kusababisha kifo yakaishia hapo. Yule mama hakukosea popote, ni sisi wa hospitali tuliomwachia mzigo huo.

Kwa hivyo wafanye mazoezi na cheti chenyewe cha sababu ya kifo, mkononi, na kalamu. Mstari wa juu ni kilichomaliza, halafu unashuka ukiuliza hii ilitokana na nini: nimonia, kulala kitandani muda mrefu, paja kuvunjika, kugongwa na pikipiki. Ule wa chini kabisa ukiwa ajali au mkono wa mtu, ripoti, hata ikiwa imepita miezi. Na mtu asiandike tu "moyo ulisimama", moyo wa kila maiti umesimama.

Mengine ni mafupi. Mipira na kanula, yaani sindano za mshipani, zibaki mwilini. Nguo kwenye mfuko wa karatasi, plastiki inaozesha. Maabara wasiimwage damu iliyotolewa siku ya kulazwa. Namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, iandikwe kwenye faili.

Familia iambiwe mapema na mtu mzima mwenye cheo, hasa Waislamu wanaotaka kuzika siku hiyo hiyo, kwa hivyo simu kwa kituo isingoje asubuhi. Waambie pia manesi kwamba kuripoti si kumshtaki mwenzao, wengi wananyamaza kwa uoga huo tu. Interni, madaktari wanaoanza kazi, wanabadilika kila mara, basi mafunzo yarudiwe, namba ya kituo ibandikwe ukutani, faili ifungiwe, na asiongeze mtu neno humo baada ya kifo bila tarehe, saa na sahihi yake, na ukiwa na shaka yoyote piga simu kwanza kabla mwili haujatoka wadini.