Maneno ya Kiingereza yanayoanza na circum-
Kiambishi circum- kimetoka Kilatini, maana yake "kuzunguka". Shika kwanza mzizi unaofuata, hapo ndipo penye maana: spect ni kutazama, scribe kuandika, vent kuja, locution usemi. Basi mtu circumspect ni yule anayetazama huku na huku kabla ya kutenda, yaani mwangalifu. Circumlocution ni kuzungukazunguka kwa maneno bila kufika kwenye hoja. Circumvent ni kukwepa kizuizi au sheria. Circumscribe, kuwekea mipaka.

Usiyabebe yote siku moja. Yanafanana mno, yatakuchanganya. Chukua mawili tu, kila moja ulitungie sentensi, uyarudie kesho yake na baada ya wiki. Angalia na mkazo: circumference (mzingo wa duara) hukazwa kwenye cum, circumspect mwanzoni.