Vifo vya unga: anza na daftari la mapokezi

Kazi yangu ni kumbukumbu za wagonjwa, hapa Mtwara mjini. Wengi hudhani taarifa za waliozidiwa na unga, yaani heroini, ziko Dodoma kwenye kompyuta. Nyingi zimo humu humu kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ila neno heroini hulikuti. Ukitaka zisaidie kuokoa mtu, fanya hivi.

Kwanza kibali. Mwone Mganga Mkuu wa Manispaa kabla hujafunua kitabu. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kusema "mimi ni mtumishi" hakutoshi. Majina usinakili hata moja.

Vyeti vya vifo viache kwa sasa. Daktari aliyechoka usiku huandika "moyo na pumzi kusimama", na maiti gani moyo wake haujasimama? Laiti angeandika T40.1, namba ya kimataifa ya sumu ya heroini, kazi ingekuwa nyepesi. Tafuta walionusurika: kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, kisha cha wodini. Pitisha kidole ukisaka "kaletwa hajitambui", "sumu haijulikani", midomo ya bluu, mboni zilizofinyaa. Asiyejitambua, mwenye mboni ndogo na pumzi za kusuasua, mfikirie afyuni na jamii yake: heroini, mofini, tramadoli. Ila angalia, baadhi ya viuatilifu vya shambani navyo hufinya mboni, na huku kwenye mikorosho havikosekani. Mwenye sumu hiyo hutokwa mate na jasho tele.

Chora karatasi yako: tarehe, saa, umri, jinsia, alichochanganya (pombe na valiamu ndizo za kuulizia kwanza), aliyemleta, alipookotwa. Hiyo ya mwisho ndiyo dhahabu. Kitabu kinauliza mgonjwa anaishi wapi. Wewe unataka kujua alianguka wapi. Mkazi wa Chikongola anaweza kuzidiwa nyuma ya stendi, ukaenda kufundisha huduma ya kwanza Chikongola bure. Mwombe dada wa mapokezi amuulize bodaboda pale pale, kabla hajapata abiria mwingine. Nani kauza unga, asiulize kabisa. Akiuliza, kesho mgonjwa ataachwa getini.

Kisha tazama waliotoka gerezani au soba hausi, nyumba za kuacha dawa za kulevya. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga hauuhimili tena, na kipimo cha zamani kinaua. Rhode Island, Marekani, walianza 2016 kuwapa wafungwa methadoni na dawa nyingine za kutibu uraibu wa unga. Ukilinganisha nusu ya kwanza ya 2016 na ile ya 2017, vifo vya waliotoka karibuni vilishuka kwa asilimia 61. Afisa ustawi wa jamii aombwe idadi ya wanaoachiwa kila mwezi, idadi tu, uiweke kando ya karatasi yako. Vivyo hivyo mtu wa methadoni, tiba iliyoanza Muhimbili 2011: akishuka kusini kwa msiba na kukosa dozi siku kadhaa, yuko hatarini akirudia unga.

Hesabu zitakuwa ndogo, zikusanye kwa robo mwaka. Ramani ya maskani ya watumiaji usiibandike ukutani. Polisi wakivamia, watu watajidunga peke yao, na wa kuita msaada hatakuwepo.

Saa zenye wagonjwa wengi zipeleke duka la dawa la hospitali, uulize naloksoni, dawa ya kuzimua heroini, ipo zamu hiyo na inaisha lini. Dawa hiyo hurudisha pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake hukatika kati ya dakika 30 na 90, wakati unga ungali mwilini. Kwa hiyo ongeza safu ya saa alipoondoka. Ukikuta wanaruhusiwa mapema mno, ipeleke karatasi hiyo kwa mganga mfawidhi siku hiyo hiyo, usingoje robo mwaka.