Somo: Kuomba chuo kikuu Ujerumani kwa kijana aliyehamia huko kutoka Tanga

Vijana wanaomaliza kidato cha sita hapa Tanga na kuwafuata wazazi wao Ujerumani huanza kwa kuchagua kozi. Nawasihi waanze na lugha, kwa kuwa ndiyo itakayoamua wataingia chuoni mwaka gani.

Hatua ya 1: Panga tarehe. Kwa muhula unaoanza Oktoba, vyuo vingi hufunga maombi tarehe 15 Julai, na NECTA nayo hutangaza matokeo ya kidato cha sita mwezi huohuo. Kwa hiyo aliyefanya mtihani Mei asihangaike kuwahi mwaka huo, bali autumie kusoma Kijerumani. Kozi nyingi zinazofundishwa kwa Kijerumani hudai mtihani wa Kijerumani uitwao TestDaF, kwa daraja la 4 katika kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, au ule wa DSH unaotolewa na vyuo vyenyewe, kwa kiwango cha DSH-2.

Hatua ya 2: Tazama hadhi ya cheti chako katika anabin, hifadhidata ya Ujerumani inayoonyesha vyeti vya nchi nyingine vinathaminiwaje huko. Ukikuta hakikuruhusu kuingia chuoni moja kwa moja, utapitia Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi ambayo kwa kawaida huchukua mihula miwili na kumalizikia kwa mtihani. Tafadhali usiyaone kuwa adhabu. Aliyesoma fizikia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza anaijua fizikia yenyewe, lakini hajazoea kuieleza kwa Kijerumani mbele ya mwalimu, na huko ndiko atakakozoea.

Hatua ya 3: Linganisha majina katika cheti cha kuzaliwa, pasipoti na vyeti vya NECTA, herufi kwa herufi. Kwetu ni kawaida Mwanahamisi kuandikwa Mwanahamis mahali pengine, au jina la babu kuachwa, na sisi wenyewe tusione tatizo. Mpokeaji wa maombi aliye ugenini hawezi kujua kwamba huyo ni mtu mmoja. Shughulikia jambo hili mapema, ndugu zako wakiwa bado wanaweza kukufuatilia ofisini huku nyumbani.

Hatua ya 4: Tuma maombi. Vyuo vingi hupokea kupitia uni-assist, shirika linalokagua maombi ya wenye vyeti vya nje kwa niaba ya vyuo, kwa ada ya Euro 75 kwa ombi la kwanza na Euro 30 kwa kila linalofuata katika muhula huohuo. Vingine hupokea vyenyewe.

Maswali ya wanachama

Swali (Ngamiani): Shikamoo mwalimu. Je, siwezi kusoma kwa Kiingereza nikaepuka yote haya?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kozi hizo zipo, lakini katika shahada ya kwanza ni chache kuliko za Kijerumani, na hadhi ya cheti chako itaangaliwa vilevile.

Swali (Muheza): Mwalimu, binti yangu yuko Bremen na amefikia B1. Afanye TestDaF sasa?

Jibu: Hapana, mama. Viwango vya lugha hupanda kutoka A1 hadi C2, na mtihani huo hupima kuanzia B2 hadi C1, juu ya B1 yake, hivyo atapoteza ada. Hata hivyo, Studienkolleg kadhaa hupokea watahiniwa wa B1 au B2 katika mtihani wao wa kujiunga. Aulize ile iliyo karibu naye inataka kiwango gani, na mtihani huo hufanyika lini.