Taa ya sola ya barabarani iwake mpaka asubuhi: mwongozo kwa vijiji vya Nyanda za Juu Kusini

Nimeandika haya baada ya kusaidiana na kamati ya kijiji kimoja cha Makete ambacho taa zake, zikiwa bado mpya, zilikuwa zikizimika saa 8 usiku. Anayehitaji mwanga zaidi ni mama anayepelekwa zahanati usiku wa manane na abiria anayewahi basi saa 10 alfajiri. Taa inayozimika saa 8 haimfai hata mmoja wao, kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga jambo moja: taa ifike asubuhi.

Hatua ya 1: Chagueni mahali

Msijaribu kumulika barabara nzima. Kwa nguzo ya mita 6, mwanga usiokatika unataka nguzo kila mita 20 hadi 25, na kilomita moja itameza fedha zote za kijiji. Wekeni taa njia panda, darajani, zahanati, kituo cha bodaboda na mahali wafugaji wanapokusanyia maziwa. Taa tano zinazokesha ni bora kuliko ishirini za kuwaka jioni tu.

Hatua ya 2: Ruhusa

Mambo haya yapite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa hiyo usichimbe shimo bila barua yao.

Hatua ya 3: Hesabu

Chukua taa ya LED ya wati 20. Saa 1 usiku hadi saa 5 iwake yote: saa 4, sawa na Wh 80 (wati-saa, yaani wati mara saa). Saa 5 hadi saa 10 alfajiri ishuke hadi asilimia 30, yaani wati 6: Wh 30. Saa 10 hadi saa 12 na nusu iwake yote tena, kwa ajili ya wasafiri: Wh 50. Jumla ni Wh 160 kwa usiku mmoja.

Betri ibebe usiku tatu bila jua, maana masika ya Rungwe na ukungu wa Njombe havina huruma. Hiyo ni Wh 480. Betri ya lithiamu fosfeti (LiFePO4) usiitumie zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo tafuta Wh 600. Kwa volti 12.8 ni kama Ah 50 (ampea-saa). Paneli: 160 gawanya kwa saa 3.5 za jua kamili, ugawanye tena kwa 0.7 kufidia upotevu, unapata wati 65. Nunua ya wati 100 ili baada ya siku za mawingu betri ipate kujirudisha.

Taa zile ambazo paneli, betri na balbu vyote viko kwenye kasha moja, sizishauri kabisa. Pima paneli yake kwa rula kabla ya kulipa. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200 jua likiwa kali. Kasha limeandikwa wati 200 na paneli yake ni sentimita 40 kwa 35? Hapo hata wati 30 hazifiki. Tena betri ikifa, unashusha taa nzima.

Hatua ya 4: Nguzo

Nguzo za milingoti (mikaratusi) zilizotiwa dawa zinapatikana Mufindi na Njombe, na mimi nazipenda kuliko bomba la chuma, ambalo huibwa likauzwe chakavu. Isiyotiwa dawa itaoza pale inapogusana na udongo. Kina cha shimo ni sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo, ongeza sentimita 60: nguzo ya mita 7.5 inataka mita 1.35, na juu ya ardhi inabaki ile mita 6 na ushee. Simamisha kwa timazi, shindilia.

Hatua ya 5: Paneli

Ielekee kaskazini. Video nyingi za mtandaoni zinasema kusini kwa sababu zimerekodiwa Ulaya au Marekani. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Mlalo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha. Ukiinua zaidi utavuna vizuri Juni na kupoteza Desemba hadi Februari, wakati jua liko utosini na mawingu ndiyo mengi. Kivuli cha mgomba mmoja kinatosha kuua nusu ya chaji.

Hatua ya 6: Chaji kontrola

Hiki ni kifaa kinachosimamia chaji ya betri na kuwasha na kuzima taa. Hapa ndipo tulipopoteza saa nyingi, kwa hiyo soma polepole.

Unganisha betri kwanza, halafu paneli, halafu taa. Ukianza na paneli, kontrola inaweza kukosea volti za mfumo na kuunguza taa.

Sasa mipangilio. Kontrola nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa betri za risasi na asidi. Ukiunganisha lithiamu bila kubadilisha, taa itawaka, kila mtu atapiga makofi, na tatizo litajitokeza baadaye. Betri ya risasi hutaka volti za chaji zipande baridi inapozidi, na kontrola hufanya hivyo yenyewe. Ndiyo maana seti ileile inayofanya kazi vizuri kwenye joto la Mbarali inasumbua Makete. Asubuhi ya nyuzi 5, chaji iliyopangwa kwa volti 14.4 inaweza kupanda hadi karibu 14.9. Seli moja ikizidi kiwango chake, saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ambayo mafundi tunaiita BMS, hukata chaji hata kama seli nyingine hazijajaa. Jioni betri inaanza kazi ikiwa na njaa, na saa 8 usiku taa imezimika. Fundi asiyejua hili atabadilisha betri, kisha taa, kisha waya, na tatizo litabaki palepale.

Weka hivi: aina ya betri, lithiamu. Chaji, volti 14.4 au chini kidogo kama mtengenezaji wa betri amesema hivyo. Chaji ya kusawazisha (equalize), zima. Fidia ya joto, yaani ule upandishaji wa volti kwenye baridi, sifuri. Kukata taa betri ikiisha, volti 12. Kama kontrola haikuruhusu kubadilisha haya, irudishe dukani.

Jambo la pili ni baridi yenyewe. Betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, inaharibika moja kwa moja. Kitulo na maeneo jirani, juu ya mita 2,600, sakitu huanguka Juni na Julai. Nunua betri ambayo BMS yake huzuia chaji kwenye baridi hiyo, na sanduku lake ulizungushie sponji ndani. Lifunge juu ya nguzo, si chini ya mita 3. Usilizike ardhini, Tukuyu mvua italijaza maji.

Jambo la tatu: usipime ujazo wa lithiamu kwa volti peke yake. Ikisoma 13.2 inaweza kuwa nusu, inaweza kuwa zaidi ya nusu. Tumia mita ya kubana waya yenye kupima mkondo wa DC. Volti zikiwa zimefika 14 na ushee, na mkondo umeshuka karibu na sifuri, hapo imejaa.

Hatua ya 7: Jaribio

Funika paneli kwa turubai mchana, taa iwake. Isipowaka usiku wakati mchana imewaka, angalia kama kuna taa nyingine inayomulika paneli, kwa sababu kontrola hutambua giza kupitia volti za paneli. Baadhi ya kontrola huhitaji siku kadhaa kujua urefu wa usiku kabla zamu ya alfajiri haijakaa sawa, basi usianze kugusa mipangilio usiku wa kwanza.

Ukimaliza, andika mipangilio yote kwa kalamu isiyofutika ndani ya mfuniko wa sanduku, na funguo moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji.