Kumwandalia mkurugenzi maneno ya nusu dakika

Kabla ya maonesho ya Sabasaba, mpwa wangu anayetunza ghala la vipuri Chang'ombe aliniomba nimsaidie kuandaa maneno ya kumwambia mkurugenzi mtendaji wa kampuni yao, endapo wangekutana bandani kule viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Nilikubali upesi kwa kuwa niliwahi kuiharibu nafasi ya namna hiyo: nilipanda lifti na mkurugenzi wangu, nikaanza na nilikozaliwa na shule nilizosoma, naye akashuka ghorofa ya 6 kabla sijaitaja kazi ninayoifanya.

Hatua ya 1: Andika kwa kalamu. Tumia nusu ukurasa wa daftari, kwani kisichoenea hapo hakitaenea kwenye lifti. Violezo vya mtandaoni sivipendi. Vingi huanza na "mimi ni mtu mwenye ari ya kazi", sentensi ambayo hata mvivu anaweza kuisema.

Hatua ya 2: Jina, kitengo na kazi. Sentensi moja.

Hatua ya 3: Salamu. Hapa ndipo tulipomaliza jioni nzima. Salamu zetu ni ndefu, na anayezikata huonekana hana adabu, ilhali anayeziachia hujikuta kwenye "nyumbani hawajambo?" na muda umekwisha. Mimi nashikilia salamu moja na jibu moja, kisha jina lako lifuate papo hapo. Ikiwa amekuzidi umri waziwazi, mwamkie "Shikamoo" na usubiri "Marahaba" itoke yote ndipo uendelee. Ikiwa ni rika lako au mdogo kwako, shikamoo huenda ikamtia haya mbele ya watu, kwa hiyo "Habari za asubuhi, Mkurugenzi" inatosha. Mpwa wangu alitaka kumwita "Mheshimiwa", nikamkatalia, kwa sababu neno hilo tumelizoea kwa wabunge na mawaziri, na kwa mtu wa kampuni hugeuka kuwa la kujipendekeza. "Bosi" liache kijiweni. "Mama" linafaa kwa mwanamke mtu mzima iwapo wenzako kazini humwita hivyo. Vinginevyo tumia cheo, na kama ni mhandisi au daktari anayependa kuitwa hivyo, mwite hivyo. Usitangulize mkono, hasa mkiwa mwanamke na mwanamume, maana wapo wasiopeana mikono kwa sababu za dini. Akiunyoosha wake, upokee. Akiwa anaongea na simu, inamisha kichwa kidogo na uishie hapo.

Hatua ya 4: Jambo moja lenye kipimo. Mpwa wangu alikuwa ameorodhesha saba. Tulibakisha lile ambalo fundi yeyote wa karakana angelithibitisha, likawa hivi:

"Shikamoo, Mkurugenzi. Naitwa Fulani, natunza ghala la vipuri Chang'ombe. Tangu Machi tumepanga rafu upya, na fundi aliyekuwa akisubiri kipuri dakika 40 sasa anasubiri 12. Naomba kukuletea ukurasa mmoja wa maelezo; nimkabidhi nani ofisini kwako?"

Hatua ya 5: Ombi dogo. Usiombe kazi, cheo wala nyongeza ya mshahara ukiwa umesimama, kwa sababu humlazimisha kukataa mbele ya watu. Omba kitu anachoweza kukubali kabla lifti haijafika, na ukurasa wenyewe uwe umeshachapishwa.

Hatua ya 6: Jirekodi. Rekoda ya simu inatosha. Kioo hakifai, kwa kuwa utajitazama badala ya kujisikiliza. Ukipita sekunde 30, punguza maneno, usiongeze kasi.

Mkurugenzi hakuonekana Sabasaba. Walikutana wiki mbili baadaye kwenye ngazi za ofisi, umeme ukiwa umekatika, naye akajibu kwa maneno manne: "Mpe katibu muhtasi wangu." Ukurasa ulifika mezani kwa katibu huyo kabla ya saa sita mchana.